Namna ya Kusoma Siasa na Uhusiano wa Kimataifa kwa Kuanzia Ziwa Victoria

Mwanafunzi anayetoka Mwanza, Sengerema au Ukerewe kwenda chuo kikuu kusomea siasa na uhusiano wa kimataifa hukutana mapema na nadharia zilizotungwa kwa kuwatazama Wagiriki wa kale, Ulaya ya vita viwili vya dunia, na uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti. Wengi huzikariri kutoka kwenye madesa, huzimwaga kwenye karatasi ya mtihani, kisha huzisahau. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine: chagua jambo moja la ziwa, lifuatilie kwenye mikataba, taasisi na maslahi ya nchi zinazohusika, na ndipo uiulize nadharia inalielezaje.

Kuhusu kuchagua kozi, maneno machache yanatosha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, ambako utakutana zaidi na dola, vyama, uchaguzi na utendaji wa serikali. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kinaelemea diplomasia yenyewe. Kila kozi huweka masharti yake juu ya kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka unaoomba, usitegemee maelezo ya kaka au dada aliyedahiliwa zamani.

Ukishaingia chuoni, fungua jalada la jambo ulilochagua. Mimi ningependekeza maji, kwa sababu ndiyo yenye historia ndefu na nyaraka nyingi. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya maeneo iliyoyatawala, ilibadilishana barua na Misri kukubaliana kwamba pasijengwe kitu kwenye Mto Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, kitakachopunguza maji yanayofika Misri, bila ridhaa ya nchi hiyo. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya mto huo, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, bila kuzishirikisha nchi za juu ya mto. Tanganyika ilipojitawala, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kurithi kila ahadi ya mkoloni. Ilitoa muda wa miaka 2 ili mikataba ya nchi na nchi ipitiwe upya, na mwaka 1962 ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Msimamo huo unafundishwa katika sheria za kimataifa kwa jina la Nyerere, na mwanafunzi wa Kitanzania asiyeweza kuueleza ana sababu ya kuona haya.

Habari haikuishia kwenye matamko. Baada ya mwaka 2000 serikali ilijenga mradi wa kuchota maji ya ziwa huko Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Wakati huohuo mazungumzo yalikuwa yakiendelea chini ya Mpango wa Bonde la Nile, uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1999. Mkataba wa ushirikiano uliotokana na mazungumzo hayo ulifunguliwa kwa saini mjini Entebbe tarehe 14 Mei 2010, ukakwama kwenye kifungu kimoja, cha 14(b). Nchi nyingi zilitaka kuahidi kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka ahadi hiyo ilinde pia matumizi na haki zao zilizokuwapo. Mkataba ulianza kutumika mwezi Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuuridhia, huku Misri na Sudan zikiwa nje.

Hapa ndipo kazi ya kusoma inapoanza. Soma mkataba wenyewe kabla ya kusoma maelezo ya watu kuhusu mkataba, na katika kila mkataba andika nani alitia saini, nani aliridhia, lini ulianza kutumika, na suala gani liliahirishwa. Tanzania ilitia saini siku ileile ya kwanza lakini iliridhia mwaka 2015. Kwa nini ilichukua miaka 5? Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ya aina hiyo, na mijadala ya Bunge huchapwa kwa Kiswahili kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vyake. Mwanafunzi anayetaka kujua wabunge walijenga hoja gani anaweza kuwasoma neno kwa neno. Nashangaa kuona tasnifu za siasa ya Tanzania zisizonukuu Hansard hata mara moja.

Sasa ilete nadharia. Uhalisia, unaosema kwamba nchi huongozwa na nguvu na maslahi yake, unaeleza vizuri kwa nini Misri ilishikilia makubaliano ya kikoloni kwa muda mrefu hivyo. Hauelezi vizuri kwa nini nchi yenye jeshi kubwa kiasi hicho haikuweza kuzuia mkataba isioutaka. Uliberali utakuelekeza kwenye taasisi na faida za ushirikiano, lakini utapata shida mbele ya kifungu cha 14(b), ambacho zaidi ya muongo mmoja wa vikao haukukitatua. Insha inayoonyesha nadharia inapofika na inapokwama hupata alama nyingi kuliko ile inayotoa muhtasari wa kila nadharia kwa zamu, kisha ikahitimisha kwamba zote ni muhimu. Namna hiyo ya mwisho ndiyo inayowapeleka wengi kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Asiyependa maji achukue mpaka. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziliupitisha mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukakata ziwa na kuendelea magharibi nchi kavu bila kufuata Mto Kagera. Ardhi iliyobaki Tanzania kaskazini ya mto ndiyo Idi Amin aliyoivamia mwaka 1978 na kutangaza kuwa ni ya Uganda, na vita vilivyofuata vilimwondoa madarakani mwezi Aprili 1979.

Uvuvi nao unafaa sana kwa utafiti wa mwaka wa mwisho, kwa kuwa unaweza kupima maandishi dhidi ya hali halisi. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lilianzishwa kwa mkataba wa Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1994, na makao yake yapo Jinja. Usiishie kwenye ripoti zake. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, ambako dagaa hununuliwa na wafanyabiashara wa nchi kadhaa, uulize nani anatoza nini na mzigo unavukaje mpaka. Lakini usiende mikono mitupu: chukua barua ya utambulisho ya chuo, uipeleke kwanza ofisi za serikali ya eneo husika, kisha kwa mtendaji wa kata na uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo. Mtu anayeuliza maswali ya ushuru na nyavu bila barua hudhaniwa kuwa ofisa wa doria, na hakuna atakayemwambia ukweli. Wazee waamkie, eleza shida yako kwa Kiswahili cha kawaida, na usitoe daftari kabla ya kuruhusiwa.

Kwa mafunzo ya vitendo, andika barua mapema kwa Uhamiaji, forodha au ofisi ya mkoa, na mwenye uwezo wa kusafiri ajaribu Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Kisumu. Ambatisha muhtasari wa kurasa mbili wa jalada lako, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza, ili anayeipokea barua ajue tangu mwanzo ni kazi gani anaweza kukupa.