Kigunduzi cha gesi cha mkononi: utunzaji wa sensa, chujio na kalibresheni

Sifuri kwenye skrini ina maana mbili: hewa ni safi, au sensa imekufa. Sensa ya kichocheo, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vigunduzi vingi vya gesi inayowaka, inaweza kufa kimyakimya huku skrini ikiendelea kuonyesha sifuri. Ndiyo maana kifaa huonjeshwa gesi kila siku kabla ya kazi.

Kiwashe nje, mbali na moshi wa magari, ukiache kipate joto kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, kisha weka sifuri. Ukiweka sifuri mahali penye gesi kidogo, kila kipimo cha siku hiyo kitasoma chini. Funga regyuleta ya nusu lita kwa dakika kwenye mtungi wa gesi ya kupimia, visha kofia yake juu ya sensa, fungua. Namba ipande, king'ora kilie, taa ziwake, kifaa kitetemeke. Namba ikipishana na lebo ya mtungi kuliko kitabu kinavyoruhusu, fanya kalibresheni kamili, yaani kirekebishe kifaa kisome sawa na gesi ya mtungi. Angalia pia tarehe ya mwisho ya mtungi. Wa lita 58 unatoa gesi kwa karibu dakika 116, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania.

Hapa wengi hujikwaa: methani ya 2.5% ni 50% LEL (asilimia ya kiwango cha chini kabisa ambacho gesi huanza kulipuka) kwa kifaa kinachohesabu kuwa methani huanza kulipuka ikifika 5% ya hewa. Kilichopangwa kwa 4.4% kitasoma karibu 57 kwa gesi hiyo hiyo, na hakina kosa. Tazama mipangilio kabla ya kugusa kalibresheni.

Adui mkubwa ni silikoni. Ndani ya sensa mna vipunje viwili vya waya wa platini, vyote hupashwa joto la nyuzi mamia kadhaa, na kimoja kimepakwa kichocheo. Gesi huungua juu ya hicho kimoja, joto hupanda, ukinzani wa waya hubadilika, na kifaa hulinganisha vipunje hivyo viwili. Mvuke wa silikoni ukifika hapo huungua na kuacha utando mgumu unaofunika kichocheo. Methani, iliyo ngumu zaidi kuungua, ndiyo inayopotea kwanza. Sensa ya namna hiyo inaweza kulia vizuri ukiipa propani, kisha ikakaa kimya mbele ya bomba la gesi asilia linalovuja. Kwa hiyo jaribu kwa methani, hata kama kazi yako ni mitungi ya gesi ya kupikia, halafu tumia kigezo cha marekebisho cha mtengenezaji, yaani namba ya kuzidishia kipimo ili kilingane na gesi yako. Usiweke kigunduzi kwenye gari linalopuliziwa dawa ya kung'arisha dashibodi, wala karibu na silikoni ya kuzibia ambayo haijakauka.

Usikijaribu kwa kiberiti cha gesi. Butani inayotoka hapo haijachanganywa na hewa, inavuka kipimo kabisa, na inaweza kuiharibu sensa papo hapo. Kumbuka pia kwamba sensa hii huhitaji oksijeni ili kuunguza gesi: ndani ya tangi lililojazwa naitrojeni, sifuri yake haina maana.

Usafi ni rahisi: kitambaa chenye maji tu, bila spiriti wala sabuni ya kunukia. Chujio likiloa au likibadilika rangi, badilisha. Chenye pampu, ziba mdomo wa mpira kwa kidole. Pampu isipolalamika, kuna upenyo. Mpira mrefu huchelewesha kipimo, subiri angalau sekunde 3 kwa kila mita. Betri ichajiwe na kufunguliwa nje ya eneo lenye gesi.

Katika daftari andika tarehe, namba ya mtungi, na kipimo kabla na baada ya kalibresheni. Kile cha kabla ndicho cha kufuatilia: kikishuka mwezi hadi mwezi, agiza sensa mpya mapema, na ikishafungwa, fanya kalibresheni kamili kabla kifaa hakijarudi kazini.