Takwimu kwenye risechi ya ubaguzi wa rangi mashuleni: anza hivi

Niko Arusha, nachakata data za watu wa masters, na wakija na mada ya rangi na elimu karibu wote wanataka kufungua SPSS (programu ya takwimu) kabla hawajajua wanauliza nini.

1. Swali kwanza. "Rangi inaathirije ufaulu" futa. Ngozi haimfelishi mtu, kinachomfelisha ni anavyotendewa, yaani kapangiwa shule gani, nani anamfundisha, anasimamishwa mara ngapi kuliko wenzake. Pima hivyo.

2. Makundi, na hapa usiharakishe. Ripoti za elimu za Tanganyika ya Mwingereza zinatenga Wazungu, Waasia, Waafrika, na shule na hela ziligawanywa hivyohivyo, Arusha School hii hii ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Sasa mtoto wa baba Mwarabu na mama Mchaga kaandikwa wapi, na nani aliamua? Data za Marekani nazo ni hivyohivyo, sensa yao ilianza kuruhusu mtu achague rangi zaidi ya moja mwaka 2000, kwahiyo ukiiweka pembeni ya ile ya 1990 ukasema kundi fulani limepungua unaweza kuwa umepima fomu tu.

3. Kundi la kulinganishia. Ukiwapa Wazungu sifuri, yaani wawe ndo kipimo cha wengine, wengine wote watasomeka kama wamepungukiwa kitu. Linganisha kila kundi na wastani wa jumla, ni suala la kubadili coding tu, yaani namba unazoyapa makundi kwenye programu.

4. Regresheni, yaani hesabu ya kuona kila kitu kinahusiana kiasi gani na matokeo, vingine vikishikiliwa sawa (ndo kudhibiti). Watu wanaingiza kipato, aina ya shule, maksi za nyuma, pengo linayeyuka, alafu wanaandika ubaguzi haupo! Kama mtoto yuko shule mbovu kwasababu ya rangi yake, ukidhibiti shule umeufuta ubaguzi wenyewe kwenye hesabu. Ingiza kimoja kimoja, onyesha pengo kabla na baada, na useme kila kimoja kimebeba nini. Supavaiza akilalamika jedwali refu mwonyeshe makala ya Gillborn, Warmington na Demack ya 2018, ndo walioweka misingi ya QuantCrit, yaani kutumia takwimu kwenye mambo ya rangi bila kuchukulia kwamba namba hazina upande.

5. Kundi dogo usilitupe kwenye "wengineo". Kama namba haitoshi regresheni nenda ukaongee nao. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, kwa kitabu chake cha 1899 alipita nyumba kwa nyumba Philadelphia, anahesabu huku anauliza. Kama data ni za mbali na huwezi kuwafikia, tafuta mahojiano yaliyokwisha fanywa na watu hao, uyasome kabla hujaandika sura ya matokeo.