Wikendi Luzern: fanya manunuzi Jumamosi

Ukienda Luzern, Uswisi, kwa wikendi, nunua mkate, matunda na jibini Jumamosi asubuhi kwenye soko la kando ya mto Reuss. Jumapili maduka mengi hufungwa, na utabaki kutegemea yale ya stesheni. Maji usinunue, beba chupa ujaze kwenye chemchemi za mjini, ni safi kabisa.

Daraja la mbao la Kapellbrücke lipite mapema, kabla ya makundi ya watalii. Ni la karne ya 14, ila sehemu kubwa iliungua Agosti 1993 na kujengwa upya. Tazama juu, chini ya paa: picha zilizonusurika zipo bado.

Mimi ninachokipenda zaidi ni ukuta wa Musegg wenye minara tisa. Kupanda ni bure, lakini wakati wa baridi hufungwa. Fika mnara wa Zyt dakika chache kabla ya saa kamili: saa yake ya mwaka 1535 ina haki ya kugonga dakika moja kabla ya saa nyingine zote za mji. Vaa viatu visivyoteleza, ngazi ni nyembamba.