Kumpima upya Du Bois kwa madodoso yake mwenyewe, Mikindani

W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, anajulikana zaidi kama mwanaumajumui wa Afrika aliyefia Accra mwaka 1963. Usosholojia wake unapitwa tu, ingawa The Philadelphia Negro, utafiti wake wa watu weusi wa jiji la Philadelphia, ilitoka mwaka 1899. Kazi kubwa ya wanasosholojia Thomas na Znaniecki, inayokipa Chuo Kikuu cha Chicago sifa ya kutangulia katika utafiti wa aina hii, ilianza kuchapishwa baadaye, mwaka 1918. Mwanafunzi wa Mtwara anayetaka kumtathmini asianze kwa kukusanya sifa. Aichukue mbinu aingie nayo mtaani.

Anza na viambatisho vya The Philadelphia Negro, kwa sababu madodoso yenyewe yamechapishwa huko: familia, mtu mmoja mmoja, nyumba, mtaa, taasisi, na watumishi wa majumbani. Kando ya kila swali andika linataka kujua nini. Ndipo usome sura, ukifuata kila jedwali limetoka kwenye dodoso lipi. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na anayeiruka hubaki kurudia maneno ya wengine.

Tafsiri dodoso la familia, ulijaribu kwenye kaya kumi Mikindani. Peleka kwanza barua ya chuo kwa mtendaji, na mwenyekiti wa mtaa awajulishe wakazi. Epuka Oktoba hadi Desemba: korosho zinaokotwa, watu wamehamia mashambani, na hesabu yako itajaa wazee na watoto. Usiulize "mnaishi wangapi?" Uliza nani wamekula chungu kimoja jana usiku, kisha nani amelala wapi, majibu mawili yakipishana, andika yote mawili.

Swali la mkuu wa familia ndilo litakalokwama. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba anayeishi Newala anaweza kuwa na kauli kuliko baba aliyeko barazani. Ongeza safu: nani huamua mahari, shamba, ada ya shule. Hapo utaona chombo cha Du Bois kinashika wapi na kinateleza wapi, nawe utakuwa na tathmini ya kweli.

Usimfichie kasoro. Anapozungumzia maskini huhubiri maadili kupita kiasi, na takwimu zake mwenyewe za ajira na kodi za nyumba zinaeleza umaskini huo vizuri zaidi. Ziweke kurasa hizo sambamba. Na ripoti ya watumishi mwishoni mwa kitabu ni ya Isabel Eaton: mtaje kwa jina.