Kuchagua na Kulainisha Mabuti Magumu ya Ngozi kwa Milima ya Nyanda za Juu Kusini

Wapandaji wengi wanaojiandaa kwa Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, huwaza zaidi safari ya kwenda juu, ilhali miguu huumia wakati wa kushuka. Kilele hicho kinakaribia mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, na anayerudi kutoka huko hushuka kwa saa kadhaa juu ya mizizi, udongo uliolowa na majani ya mianzi yanayoteleza, huku uzito wa mwili na wa mzigo ukivisukuma vidole mbele kwa kila hatua. Buti gumu la ngozi lililochaguliwa vizuri na kuzoeshwa mguu mapema huuzuia mguu usisogee mbele, na hukisaidia kifundo kisipinduke. Likichaguliwa vibaya, ugumu huohuo huwa mateso, na hakuna mafuta wala muda utakaolirekebisha, kwa sababu ngozi hulainika na kupanuka kidogo kwa mapana, lakini urefu wa buti hauongezeki.

Amua kwanza kama kweli unalihitaji. Wenyeji wengi wa Rungwe hupita kwenye misitu yao wakiwa wamevaa gambuti, na kwa matembezi ya saa chache kwenye tope, kama yale ya kwenda kuliona Ziwa Ngozi, chaguo hilo lina akili kuliko kununua buti zito la bei kubwa. Katika nyasi za uwanda wa Kitulo wakati wa maua, kiatu chepesi chenye soli ya meno kinatosha. Buti gumu linamfaa anayebeba hema na chakula cha siku kadhaa, anayekanyaga miamba ya kilele cha Mbeya mara kwa mara, au anayevuka kutoka uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2,600 hivi, na kuteremka kupitia Milima ya Livingstone hadi Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Mteremko huo unazidi mita 2,000, nao ndio mtihani halisi wa kiatu katika kanda yetu.

Hata hivyo, ugumu una viwango. Mabuti yasiyokunjika kabisa yalibuniwa kwa ajili ya milima yenye barafu, ambako mpandaji hufunga meno ya chuma chini ya kiatu na soli haipaswi kupinda yasije yakachomoka. Huku kwetu hakuna barafu ya kudumu, kwa hiyo buti la namna hiyo litakuchosha bure. Lipime dukani kwa mikono miwili: shika kisigino kwa mkono mmoja na pua ya buti kwa mwingine, kisha likunje. Linalofaa hupinda kwa shida, tena pale tu vidole vinapoanzia, na sehemu ya katikati hubaki imenyooka. Halafu lisokote kama mtu anayekamua nguo. Likijisokota kwa urahisi, halitakusaidia unapokanyaga ukingo wa jiwe kwa nusu ya unyayo.

Kuhusu ngozi yenyewe, tafuta ile iliyobaki na uso wake wa nje, nene, na iliyokatwa katika vipande vichache iwezekanavyo, kwa kuwa kila mshono ni njia ya maji na ni mahali ambapo uzi hukatika kwanza. Ngozi iliyochanwa tabaka la chini na kupakwa rangi hung’aa dukani, lakini hupasuka kwenye mikunjo baada ya kulowa na kukauka mara nyingi. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi nzuri huonyesha vikunjo vidogo vidogo vinavyopotea unapoachia, lakini rangi iliyopakwa nene hubonyea kama plastiki. Nawasihi pia wanaojaribu kutumia buti la kazi lenye chuma mbele, lile la mafundi ujenzi, wasilipeleke mlimani. Chuma hakipanuki, na katika mteremko mrefu kitakula kucha.

Sasa niseme kwa urefu kuhusu mitumba, kwa sababu mabuti mengi mazuri ya mlimani yanayopatikana Mbeya hutoka kwenye marobota, na Soko la Mwanjelwa lina wauzaji wanaoyajua vizuri. Hatari yake kubwa haionekani kwa macho. Mabuti mengi ya kisasa yana tabaka la kati la soli, kati ya ngozi na raba ya chini, lililotengenezwa kwa poliyurethani, povu gumu linalopunguza mshtuko. Unyevu wa hewa huivunjavunja povu hiyo polepole kwa miaka, hata kama buti halijavaliwa na limekaa kabatini. Ngozi inaweza kuwa safi na raba ikawa na meno yote, lakini katikati povu imeoza, na soli itabanduka nzima ukiwa kwenye msitu wa Rungwe, mbali na barabara. Kwa hiyo chukua muda wako. Minya tabaka hilo kwa ukucha pande zote. Likinata, likidondosha unga au likionyesha nyufa nyembamba, rudisha buti hata kama bei inavutia. Kisha likunje kwa nguvu mara kadhaa huku ukitazama kiungo cha soli na ngozi. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kufanya hivyo.

Mabuti ya mtindo wa zamani, ambayo soli yake imeshonwa kwa uzi mnene unaoonekana ukizunguka ukingo, hayana udhaifu huo iwapo tabaka la kati ni la ngozi au raba ngumu. Faida yake nyingine ni kwamba fundi hodari anaweza kuing’oa soli iliyokwisha na kushona nyingine, na buti likaendelea kuishi. Meno ya soli nayo yana historia yake: mpandaji wa Kiitalia Vitale Bramani alianza kuuza soli za raba zenye meno mwaka 1937, baada ya wenzake sita kufariki mlimani mwaka 1935 kwa ajali ambayo viatu visivyofaa vilihesabiwa miongoni mwa sababu zake. Soli hizo hubeba jina la Vibram ndani ya alama ya njano, na umbo la meno yake limeigwa na karibu kila mtengenezaji. Kwa udongo wetu unaonata, angalia meno yawe marefu na yaachane vya kutosha ili tope lidondoke lenyewe unapotembea.

Jambo la mwisho kwa mtumba ni kwamba ngozi imekwisha kuuzoea mguu wa mtu mwingine. Ingiza mkono ndani upapase sehemu ya kisigino na chini ya vidole. Shimo lililochimbika upande mmoja, au kisigino cha nje kilicholika kwa mshazari, huonyesha mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza, na mguu wako utalazimishwa kuufuata. Soli ya ndani inayotoka inaweza kubadilishwa. Umbo la ngozi iliyokwisha kukaa miaka mingi halibadiliki kwa urahisi.

Kupima ukubwa kunataka subira kuliko hatua nyingine zote. Nenda jioni, baada ya kutembea, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, nawe utakuwa na miguu iliyovimba hivyohivyo mlimani. Vaa soksi zilezile utakazopandia. Namba iliyoandikwa ndani isikuongoze sana: hatua moja ya namba za Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, ile ya Uingereza ni milimita 8.5 hivi, na watengenezaji hutofautiana juu ya hapo. Ingiza mguu bila kufunga kamba, usogeze mbele mpaka vidole viguse, kisha ujaribu kupitisha kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubanwa kidogo, urefu unafaa. Halafu funga kamba vizuri, utafute ngazi au mteremko nje ya duka, na ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigusa mbele hata mara moja, chukua namba inayofuata au buti la umbo jingine.

Kisigino kupanda milimita chache katika buti jipya lililo gumu si kasoro, kwani soli bado haijajifunza kupinda, na mwendo huo hupungua kadiri buti linavyolainika. Kinachopaswa kukutia shaka ni kisigino kinachonyanyuka wazi kila hatua hata baada ya kukaza kamba, au maumivu ya mfupa mahali pamoja yanayoanza ndani ya dakika chache. Muuzaji akikuambia kwamba hayo yataisha kwa kuvaa, usikubali. Ngozi hulegea palipo na nyama. Penye mfupa, mara nyingi mguu ndio unaoshindwa.

Ukishapata buti linalokukaa, lipe majuma kadhaa kabla ya safari. Ngozi hufuata umbo la mguu kwa joto la mwili, jasho na msukumo wa mwendo vikifanya kazi pamoja, na hakuna njia ya mkato inayofanya hivyo bila kuiharibu. Anza nyumbani: livae jioni kwa saa moja unapofanya kazi za ndani, ulimi ukiwa umenyooka katikati na kamba zimefungwa kama za safari, kwa sababu mkunjo wa kwanza wa ngozi ndio utakaobaki. Ulimi ukikaa upande siku hizo za mwanzo, utakaa upande daima. Miguu ikistahimili, nenda nalo sokoni kwa miguu badala ya kupanda bajaji, kisha ongeza matembezi ya saa mbili au tatu. Baada ya hapo pandisha miteremko iliyo juu ya mji wa Mbeya, upande wa kilele cha Loleza, kwa kuwa soli haipindi kwenye lami kama inavyopinda kwenye mwinuko. Mzigo uje mwisho, nao uongezwe kidogo kidogo.

Katika matembezi hayo sikiliza joto. Lengelenge hutanguliwa na hisia ya kuungua mahali padogo, kwa kawaida nyuma ya kisigino au pembeni mwa kidole kidogo. Simama papo hapo, vua buti, kausha mguu, na ubandike plasta ya kitambaa iliyo pana, isiyo na mkunjo. Anayesema atavumilia hadi kituo kinachofuata atafika akiwa na jeraha, na mguu wenye jeraha haulainishi buti. Soksi za pamba hushika jasho na kuilegeza ngozi ya mguu. Za sufu hufaa zaidi, na watu wengi hunufaika kwa kuvaa soksi nyembamba ndani ya nene ili msuguano utokee kati ya soksi na soksi.

Kamba nazo zina kazi yake. Unapopanda, legeza kidogo sehemu ya juu ili kifundo kiweze kupinda mbele. Unapoteremka, gonga kisigino chini ili kikae nyuma kabisa, kaza kamba mbele ya kifundo, uzizungushe mara mbili pale kabla ya kuendelea juu, na mguu hautateleza kwenda kwenye vidole.

Iwapo sehemu moja inaendelea kubana baada ya majuma hayo, mpelekee fundi viatu. Anaweza kuinyunyizia maji kidogo kwa nje na kuisukuma kutoka ndani kwa kipande cha mti kilicholainishwa, akaiacha usiku kucha. Usiruhusu buti zima lizamishwe kwenye maji ya moto, wala lisijazwe mafuta ya kupikia. Mafuta mengi huilegeza ngozi mpaka isiweze tena kukishikilia kifundo, hivyo unapoteza kile ulichokilipia. Nta ya nyuki au dawa ya viatu iliyo na nta, ikipakwa kiasi na kukazwa zaidi kwenye mishono, inatosha.

Kwenye mvua za kati ya Novemba na Mei, hasa upande wa Tukuyu, buti litalowa hata likitunzwa vipi. Ukirudi, osha tope kwa maji baridi na brashi, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, uyabadilishe yakishalowa, na uliweke kivulini penye upepo. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi wengi kuliweka kando ya jiko la mkaa, lakini joto hilo huikaza ngozi, huifanya ipasuke kwenye mikunjo na hulegeza gundi ya soli. Likihitaji siku tatu kukauka, liache siku tatu, na ulipake nta ngozi inapokaribia kukauka.