Rinda la Mtoto Lisilokwaruza: Kushona na Kutarizi Nyumbani

Ukinipa rinda la mtoto nilitazame, kitu cha kwanza ninachofanya ni kulipindua. Sisi tunaona maua na marinda. Mtoto anahisi fundo la uzi kifuani na ncha ngumu ya mshono kwapani, na hana maneno ya kutuambia.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Rinda la kwanza nililotarizi lilikuwa zawadi ya mtoto wa dada yangu, akiwa na miezi tisa. Jioni kwa jioni nilikaa nikijaza waridi jekundu kifuani, nikalipiga pasi, nikalikunja vizuri. Siku ya kulivaa, mtoto alilia tangu kanisani hadi nyumbani. Tulipomvua tulikuta wekundu kifuani wenye umbo lile lile la waridi langu. Mafundo ya nyuma yalikuwa yamemsugua asubuhi nzima. Dada hakunilaumu, alimpaka mafuta tu. Nililipeleka lile rinda kwa mama mmoja anayeshona soko la Kibuye, hapa Kisumu. Alilipindua, akapitisha kidole mgongoni mwa ua, akaniambia, "Mwanangu, hapa ulishonea wageni."

Mtindo ninaoueleza hapa ndio ninaoushona tangu wakati huo: rinda lisilo na mikono, kifua chenye bitana nzima (kitambaa cha pili cha ndani), marinda, yaani sketi yenye mikunjo, yanayoanzia chini ya kifua, na kifungo kimoja kila bega. Ndani hakibaki kitambaa kinachotoa nyuzi, na huhitaji ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Cherehani yangu ni ya miguu. Stima ikipotea, kazi inaendelea. Vipimo ni vya mtoto wa karibu mwaka mmoja na nusu, kifua sentimita 50.

Vitu vya kuwa navyo

- Poplini ya pamba, mita 1, upana wa sentimita 110 au zaidi
- Shuka kuukuu jeupe la pamba, la bitana
- Uzi wa cherehani, na vitita viwili au vitatu vya uzi wa kutarizi
- Duara la kutarizia la sentimita 15 (pete za kubana kitambaa kikae wima unapotarizi)
- Sindano ya kutarizi yenye tundu refu, pini, chaki ya fundi, futi ya kupimia, mkasi mkali
- Vifungo bapa viwili

Kuhusu kitambaa sitaki mchezo. Kisumu ina joto, na mtoto aliyevikwa poliesta mchana hutoka vipele shingoni. Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, mwombe nyuzi mbili tatu za ukingoni, uzichome kwa kiberiti mbali na vitambaa. Pamba huungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na majivu yake yanasagika mkononi. Poliesta huyeyuka ikaacha donge gumu jeusi. Ukipata vyote viwili, ujue imechanganywa. Wazee hapa bado husimulia habari za Kicomi, kiwanda cha pamba kilichokuwa papa hapa mjini kabla hakijafungwa. Siku hizi tunategemea zaidi pamba inayotoka mbali, kwa hiyo kiberiti ni rafiki yako.

Shuka kuukuu nalisisitiza kwa sababu mbili: limefuliwa mara nyingi hata limekuwa laini kuliko kitambaa chochote kipya, na limekwisha kurudi, yaani kunywea, halitarudi tena.

Hatua ya 1: Fua kabla ya kukata

Loweka poplini kwenye maji ya moto kiasi, ifue kwa sabuni, ianike, uipige pasi ikiwa na unyevu kidogo. Pamba mpya hurudi. Ukishona kabla ya kuifua, itarudia mwilini mwa mtoto, na bitana isiyorudi itaanza kuchungulia shingoni.

Uzi wa kutarizi nao upime, hasa mwekundu, wa bluu iliyokolea na mweusi. Kata kipande, kilowe maji ya sabuni ya uvuguvugu, kiweke katikati ya kitambaa cheupe, upitishe pasi ya moto. Ukiona doa, uzi unachuja. Suuza kitita chote hadi maji yatoke meupe, urudie kipimo. Ukichuja tena, usiutumie.

Hatua ya 2: Chora kifua, lakini usikikate bado

Tengeneza kielelezo cha karatasi iliyokunjwa katikati, gazeti latosha. Chukua kifua cha mtoto, ongeza sentimita 6 za kupumulia, gawanya kwa 4, kisha ongeza 1 ya mshono. Kwa kifua cha 50 unapata 15. Huo ndio upana wa nusu ya kifua, kuanzia mkunjo wa katikati.

Urefu ni sentimita 23 kutoka ncha ya bega hadi chini. Kwenye mstari wa juu, kuanzia kwenye mkunjo, pima 5.5 za shingo, kisha 5 za mkanda wa bega, 4.5 zinazobaki ni za kwapa. Shingo ya mbele ishuke 9 kutoka ncha ya juu, ya nyuma 7. Kwapa lishuke 15. Chora mikunjo kwa mkono mwepesi, iwe mviringo, isiwe na kona.

Katika vipimo hivyo mna sentimita 1 ya mshono kila upande na sentimita 3 za bega la mbele kupishana na la nyuma. Mtoto mwenye kifua kikubwa zaidi, ongeza upana kwa hesabu ile ile, na urefu kwa sentimita moja au mbili.

Sasa kata kipande cha mstatili cha poplini, sentimita 35 kwa 40, na ukichoree kifua cha mbele kwa chaki. Kibaki mstatili hivyo hivyo, maana ukikikata kabla ya kutarizi, duara litavuta mikunjo ya shingo na kwapa hadi ipoteze umbo.

Hatua ya 3: Tarizi

Mimi napenda ngege. Ni samaki wa kwetu, umbo lake ni jepesi, na mtoto akianza kusema atamwonyesha kidole kifuani na kumtaja. Mchore kwenye karatasi, urefu sentimita 6 na kimo 3, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, unakili kwa penseli bila kukandamiza. Katikati ya samaki iwe kama sentimita 16 chini ya ncha ya bega. Karatasi ya kaboni siitumii, alama zake nyingine hazitoki.

Uzi wa kutarizi una nyuzi sita zilizolala pamoja. Kata urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, usizidishe, maana uzi mrefu husugulika na kuota manyoya. Toa nyuzi mbili, ukizivuta moja moja. Ukizivuta zote kwa pamoja zinajisokota.

Na hapa ndipo penye siri yote: usifunge fundo. Ingiza sindano kutoka nyuma, acha mkia wa sentimita 5, ushike kwa kidole, anza. Zungusha umbo la samaki kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele kidogo, inarudi hadi mwisho wa mshono uliotangulia, inatokea tena mbele. Kila mshono milimita 2 hadi 3. Kwenye mkunjo wa mdomo na mkia, 2. Ukimaliza, geuza kitambaa, tia mkia sindanoni, upenyeze chini ya mishono mitano sita ya nyuma, ukate. Uzi wa mwisho ufanyie vivyo hivyo. Usirukie kutoka mkiani hadi kichwani kwa uzi unaoning'inia nyuma. Kata, uanze upya. Nyuzi zilizolegea ndani ya nguo ya mtoto mchanga ni hatari ya kweli: zinaweza kujizungusha kwenye kidole hadi damu isipite. Kwa soksi na glavu za watoto ndiyo hatari kubwa zaidi, na hizo ukinunua au ukishona, zipindue uzikague kila mara.

Magamba nayatengeneza kwa mshono wa mnyororo, kitanzi kimoja kimoja: uzi unatokea, unarudi kwenye tundu lile lile, unaacha kitanzi kidogo, sindano inatokea ndani ya kitanzi na kukishikiza kwa mshono mfupi. Magamba kumi na mawili yanatosha. Pezi ujaze kwa mishono iliyolala bega kwa bega, lakini hakuna mshono unaozidi milimita 7, maana mrefu kuliko hapo vidole vya mtoto huunasa na kuuvuta. Jicho ni mishono midogo minne iliyopandana. Usitie shanga. Shanga hung'oka, na mtoto wa umri huu kila kitu anakipeleka mdomoni.

Kila unapopumzika, legeza duara na utoe kitambaa, lisije likaacha alama ya pete.

Ukimaliza, pitisha kidole mgongoni kama alivyofanya yule mama wa Kibuye. Kidole kikikwama popote, parudie. Kisha laza kazi kifudifudi juu ya taulo na upige pasi upande wa nyuma, samaki asibanwe akalala.

Hatua ya 4: Kata

Kata kifua cha mbele kilichotariziwa, kifua cha nyuma, na vyote viwili tena kwenye shuka la bitana. Kwa marinda kata vipande viwili vya poplini, kila kimoja upana 55 na urefu 36. Hapo tayari mna pindo pana. Usilipunguze, utaona kwa nini.

Hatua ya 5: Unganisha kifua

Weka kifua cha mbele na bitana yake uso kwa uso, yaani pande nzuri zikitazamana. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni: kwapa, bega, shingo, bega, kwapa. Ubavuni na chini paache wazi. Nyuma fanya hivyo hivyo. Kata mikato midogo kwenye mikunjo bila kufikia mshono, punguza kona za mabega, pindua, sukuma kona kwa kijiti butu, piga pasi hadi mshono ukae ukingoni kabisa.

Ubavu huwachanganya wengi, kwa hiyo nenda polepole. Fungua poplini na bitana mbali na mwenzake. Kutanisha poplini ya mbele na ya nyuma, uso kwa uso, na bitana ya mbele na ya nyuma vivyo hivyo. Mishono miwili ya kwapa ikutane hasa, uichome pini hapo. Shona mstari mmoja tu, kuanzia chini ya poplini, kupitia kwapani, hadi chini ya bitana. Rudisha bitana ndani: ubavu umefichika wote.

Hatua ya 6: Marinda

Mbavu za marinda zishone kwa mshono wa kuficha. Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, naam, uso ukiwa nje, ushone nusu sentimita. Punguza ukingo, pindua uso uingie ndani, piga pasi, ushone tena milimita 7. Nyuzi zote zimefungiwa ndani ya mshono.

Ukingo wa juu upitishe mistari miwili ya mishono mirefu, wa kwanza nusu sentimita kutoka ukingoni, wa pili kama 1.2, ukiacha mikia ya uzi. Gawanya marinda sehemu nne kwa pini, na kifua sehemu nne. Vuta nyuzi za bobini (za upande wa chini wa cherehani) mpaka robo zilingane, sambaza marinda kwa vidole, ukutanishe uso kwa uso na poplini ya kifua peke yake, bitana ukiiinua isishonwe. Shona sentimita 1, katikati ya mistari ile miwili, kisha chomoa mstari unaoonekana.

Elekeza mshono juu, kunja ukingo wa bitana sentimita 1 uufunike, uushikize kwa mkono kwa mishono midogo inayokamata mshono wa marinda tu bila kutokea nje. Ni kazi ya kama nusu saa. Usiifanye kwa cherehani kwa kuharakia; mstari huo ndio unaolala tumboni mwa mtoto.

Hatua ya 7: Vifungo na pindo

Matundu ya vifungo yawe kwenye mikanda ya mbele, vifungo kwenye mikanda ya nyuma. Shona kila kifungo kwa uzi maradufu, pita angalau mara sita, zungusha shingo yake, ufiche mwisho wa uzi kati ya poplini na bitana. Kisha kishike ukivute kwa nguvu zako. Kikicheza, kikate ukishone upya.

Pindo likunje sentimita 1, kisha 4, ulishikize kwa mkono.

Kabla ya kulitoa zawadi

Hesabu pini. Mimi huanza kazi na ishirini kwenye kisahani na sifungi zawadi mpaka zirudi ishirini. Lifue rinda kwa sabuni isiyo kali, lianike kivulini, upitishe mkono ndani yake lote, kwapani na nyuma ya samaki.

Mabaki ya poplini na shuka yanatoa kitambaa cha kufutia mate: mstatili wa poplini na wa shuka, uso kwa uso, shona pande zote ukiacha nafasi ya vidole vitatu, pindua, ufunge nafasi kwa mkono. Mimi hulifunga rinda ndani yake badala ya karatasi.

Na mwambie mama wa mtoto, maana hataligundua mwenyewe: mtoto akirefuka, vifungo vinasogezwa hadi karibu na ncha ya mkanda, na pindo linafumuliwa na kukunjwa upya kwa sentimita 1. Binti ya dada yangu alivaa rinda la pili nililomshonea hadi alipotimiza miaka mitatu, na ngege wake bado yuko kifuani mwa mdogo wake.