Jinsi ya kuianza Futari wa Precure na mashosti, ukiwa Mwanza

Kwanza tafuta mtu wa kuangalia naye. Hii katuni ya Kijapani ya 2004 ukiangalia peke yako unaifaidi nusu, maana stori nzima ni ya wasichana wawili, Nagisa anayependa chokoleti kupita maelezo na anacheza lacrosse, ule mchezo wa kudaka mpira kwa kifimbo chenye wavu, na Honoka mpole wa mambo ya sayansi, wapo darasa moja ila kila mtu na kampani yake. Alafu nguvu zinawashukia wote wawili na hawawezi kubadilika kuwa mashujaa wanaoitwa Cure Black na Cure White mpaka washikane mikono, mmoja akikosekana hamna kitu. Mimi hapo ndo nilipowapenda jumla.

Kwa hiyo Jumamosi jioni waite wadada wa mtaani, iwe Kirumba au Nyegezi, changieni bando, shusheni usiku kukiwa na bei nafuu, dagaa wa kukaanga pembeni na bisi. Zipo epsodi 49 za kama dakika 24 kila moja, mbili kwa siku zinatosha, msikimbize. Maandishi ya chini ni Kiingereza, so anayesoma haraka awatafsirie wadogo kwa sauti kama wanavyofanya maDJ wa muvi, na bibi akiwa hapo sebuleni mtupie Kisukuma kidogo aingie kwenye stori.

Wakalishe pamoja wasiozoeana! Hii naisisitiza kabisa, mashosti wa siku zote waachane kwanza, kila mtu apate pea mpya.

Kaka akianza kusema hizo ni za watoto wa kike mwambie mwongozaji ni Daisuke Nishio, yule yule wa Dragon Ball, alafu muonyeshe Cure Black anavyopiga ngumi na mateke, atakaa tu.

Epsodi ya 8 msiiruke hata umeme ukikatika, subirini urudi. Wanagombana vibaya, na wakipatana ndo wanaanza kuitana Nagisa na Honoka, kabla ya hapo walikuwa wanaitana kwa majina ya ukoo kama watu wa ofisini. Ikiisha zimeni, acheni watu waongee, kuna wawili hapo watakuwa na lao la kumalizana.

Max Heart ya 2005 ndo mwendelezo, anaongezeka msichana mwingine, Hikari, ila msiiguse kabla ya kumaliza zile 49.